Jicho moja lina konea ya kupandikizwa, jingine linasubiri: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kliniki za konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, zina maswali yasiyoisha. Kundi la damu lazima lifanane? Nikipigiwa simu kwamba konea imepatikana nikiwa na mafua, niende? Jicho la zamani, lililokwisha kupandikizwa, halijasumbua kwa miaka, bado nilitie matone? Tumeyajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kwa ajili ya mtu ambaye jicho moja limeshapandikizwa na la pili liko kwenye foleni, au ambaye kipandikizi cha kwanza kimechoka na anasubiri kingine. Aliye kwenye foleni kwa mara ya kwanza naye atafaidika, ila hatua ya 4 na ya 5 zitamhusu baada ya upasuaji. Daktari wako akikupa maelekezo tofauti na haya, fuata yake, kwa sababu yeye ameliona jicho lako.

Foleni ni ndefu kwa sababu konea ni chache. Hesabu ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 ilikadiria kwamba kwa kila watu 70 wenye uhitaji, konea iliyopatikana ni moja tu. Kwetu Afrika Mashariki benki za macho ni za kuhesabika, mojawapo ikiwa ile ya hospitali ya Lions iliyopo Loresho, Nairobi, na konea nyingine huja kwa ndege kutoka nje. Basi usijilaumu kwa kusubiri. Jilaumu tu ukiacha jicho la zamani liharibike huku macho yako yote yakitazama lile jipya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya ripoti ya upasuaji wa kwanza: tarehe, aina ya upandikizaji, idadi ya nyuzi za kushonea na zilizokwisha kutolewa, na presha ya jicho ilipopimwa mara ya mwisho. Ipige picha, uihifadhi kwenye simu, na umtumie ndugu mmoja.
- Namba mbili za simu zilizoandikishwa hospitalini, yako na ya mtu asiyezima simu usiku.
- Chupa moja ya akiba ya kila dawa unayotumia, isiyofunguliwa.
- Kifuniko kigumu cha plastiki chenye matundu, na plasta laini ya hospitali ya kukishikiza.
- Miwani ya plastiki isiyovunjika, yenye pembe pana za kuzuia upepo na vumbi. Lenzi za kioo cha kawaida hazifai, kwani zikivunjika vipande vinaingia jichoni.
- Nauli ya dharura ya kwenda na kurudi, ya watu wawili. Itenge kabisa, isichanganyike na pesa ya matumizi.

Hatua ya 1: Jua unasubiri upandikizaji wa aina gani

Upandikizaji wa konea ni wa aina kadhaa, na kila aina ina masharti yake.

Upandikizaji wa unene wote huondoa duara la katikati ya konea, kwa kawaida la milimita 7.5 hadi 8.5, na kushona jipya kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Upandikizaji wa safu za mbele huacha safu yako ya ndani kabisa mahali pake. Huu hutumika sana kwa keratokonasi, yaani konea iliyochongoka mbele, na faida yake kubwa ni kwamba mwili hauwezi kuzikataa seli za ndani ambazo ni zako mwenyewe. Wa safu ya nyuma hubadilisha utando mwembamba wa ndani tu. Nyuzi zake ni chache au hazipo kabisa, na utando hushikiliwa na povu la hewa au gesi.

Aliyepandikizwa unene wote zamani, na kipandikizi kikaanza kuvimba maji, aulize kama anaweza kuwekewa safu ya nyuma tu chini ya kile cha zamani. Mara nyingi inawezekana, na ni upasuaji mwepesi kuliko kufungua upya.

Kundi la damu kwa kawaida halilinganishwi. Rangi ya jicho haihusiki, kwa kuwa konea haina rangi na jicho zima halihamishwi.

Hatua ya 2: Ondoa mapema yanayoahirisha upasuaji

Inauma konea ikipatikana na upasuaji usifanyike kwa sababu ya jambo ambalo lingetibiwa mwezi uliopita. Pitia haya na daktari wako sasa hivi:

1. Kope zinazochoma. Aliyewahi kuugua trakoma mara nyingi ana kope zilizogeukia ndani. Zirekebishwe kwanza, kwani zitaikwaruza konea mpya kama zilivyoikwaruza ya kwako.
2. Tongotongo nyingi kila asubuhi, au machozi yanayotiririka hata usipolia. Huenda mfereji wa machozi umeziba na mfuko wake una usaha. Bonyeza taratibu pembeni mwa pua. Kikitoka kitu kizito kupitia kona ya jicho, mwambie daktari.
3. Presha ya jicho. Glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho) isiyodhibitiwa huharibu kipandikizi kipya, na mshipa wa kuonea ukiharibika hakuna konea itakayorudisha kuona.
4. Shinikizo la damu na sukari. Pima nyumbani au zahanati na uandike namba, maana wengi hurudishwa kutoka mlango wa chumba cha upasuaji kwa presha ya damu tu.
5. Mzio unaowasha macho. Kupikicha macho kunaichongoa zaidi konea yenye keratokonasi na kunaweza kukwanyua nyuzi za jicho lililopandikizwa. Yakiwasha, weka kitambaa safi chenye maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, bila kukandamiza, na uombe dawa ya mzio.
6. Herpes ya jicho (maambukizi ya virusi). Kama ndiyo iliyoharibu konea, uliza kuhusu vidonge vya aciclovir vya kuzuia isirudi baada ya upasuaji.

Dawa za kupunguza kuganda kwa damu usiziache kwa uamuzi wako; uliza. Lenzi ngumu za mguso nazo hubadilisha umbo la konea, kwa hiyo utaambiwa uzivue muda fulani kabla ya vipimo. Kama lenzi ndiyo inayokuwezesha kwenda kazini, sema, ili tarehe ya vipimo ipangwe ikufae.

Hatua ya 3: Kaa tayari kwa simu

Konea haiwekwi stoo. Ikihifadhiwa kwenye maji maalumu ya baridi, ya nyuzijoto 2 hadi 8, ukomo wake ni siku 14, na madaktari wengi hupenda kuitumia mapema zaidi. Ndiyo maana utapewa taarifa ya ghafla, na ndiyo maana tarehe inaweza kubadilika ndege ikichelewa au konea ikionekana haifai ilipokaguliwa.

Begi liwe limefungwa: nguo inayofunguka mbele (shati, si fulana ya kupitisha kichwani), dawa zako zote kwenye chupa zake halisi, kadi ya bima, miwani, na ripoti. Bima iulize mapema, kwa maandishi, kama inalipia konea yenyewe na usafiri wake au ada ya upasuaji pekee. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na mgonjwa mara nyingi hugundua tofauti siku ya kulipa.

Ukipigiwa ukiwa na homa, kikohozi kikali au jicho lolote lenye usaha, sema papo hapo kwenye simu. Mafua mepesi peke yake kwa kawaida si sababu ya kukosa, ila daktari ndiye aamue. Usifiche kwa kuogopa kupoteza nafasi: kukohoa jicho likiwa wazi mezani ni hatari kubwa kuliko kusubiri tena. Kwa kawaida utaambiwa usile chakula saa 6 kabla, na maji matupu yakome saa 2 kabla.

Hatua ya 4: Tia matone ya jicho la zamani kama siku ya kwanza

Hapa ndipo macho mengi hupotelea. Kipandikizi hakizoeleki mwilini hadi kikasahaulika. Mwili unaweza kukikataa baada ya mwaka, baada ya miaka 10, hata zaidi. Tone moja la steroidi kwa siku, ambalo daktari ameliacha liendelee, ndilo linaloituliza kinga ya mwili. Uking'ang'ania kuliacha kwa sababu jicho halisumbui, jua kwamba huenda halisumbui kwa sababu ya tone hilo.

Namna ya kutia:

1. Nawa mikono kwa sabuni, ikauke.
2. Tikisa chupa. Prednisolone acetate, mojawapo ya steroidi hizo, ni maji yenye unga mweupe unaotuama chini. Usipotikisa, wiki za kwanza unatia maji na za mwisho unatia dawa kali.
3. Inua uso, vuta kope ya chini iwe kama kimfuko, dondosha tone 1. Ncha ya chupa isiguse kope wala jicho. Tone la pili halisaidii, hufurika shavuni.
4. Fumba jicho bila kulikaza. Weka kidole kwenye mfupa wa pua karibu na kona ya jicho, si juu ya jicho, kwa dakika 1 hadi 2. Ukisikia uchungu kooni, dawa imepita chini na hukubonyeza vizuri.
5. Subiri dakika 5 kabla ya dawa nyingine. Anza na ya majimaji, halafu yenye unga, na ya mafuta iwe ya mwisho.
6. Futa shavu kwa pamba safi. Ncha ya kanga haihesabiki kuwa pamba safi.

Piga hesabu ya chupa. Chupa ya mililita 5 hutoa matone kama 100 hadi 150. Ukitia mara 4 kwa siku katika jicho moja, inakwisha baada ya siku 25 hadi 37 hivi. Ukitia macho yote mawili, wiki 2 hivi. Nyingi zinatakiwa kutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa hata kama zimebaki, basi andika tarehe ya kufungua kwenye lebo. Nunua inayofuata ukifika nusu.

Macho mawili, chupa mbili. Usiandike herufi K, kwa kuwa kulia na kushoto yote yanaanza nayo. Funga mpira mwekundu kwenye chupa za jicho jipya na uache za zamani bila kitu. Vidole vitazitambua hata gizani.

Mara 4 kwa siku maana yake ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani, usiruke za mchana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua mwaka 1997 kwamba matone ya macho hayabatilishi saumu. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako kabla ya mfungo, si baada ya kuruka dozi za wiki nzima.

Steroidi ina gharama yake: hupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote na huharakisha mtoto wa jicho. Kwa hiyo anayeitumia lazima apimwe presha ya jicho kila inapopangwa. Kununua chupa dukani mwaka mzima bila kupimwa ni njia ya kulinda konea na kupoteza jicho.

Hatua ya 5: Pima jicho lako kila asubuhi

Inachukua dakika moja. Kaa sehemu ile ile, mwanga ule ule, kabla ya kutia dawa. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, na utazame kalenda ya ukutani kwa umbali wa mita 3. Jana ulisoma tarehe. Leo unasoma jina la mwezi tu? Badilisha jicho, urudie. Kisha jitazame kwenye kioo.

Unatafuta mambo manne: wekundu, mwanga kuumiza, kuona kupungua, na maumivu. Moja tu likitokea katika jicho lililopandikizwa na lisitulie ndani ya saa chache, nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyo hiyo. Likitokea Ijumaa jioni, usingoje Jumatatu. Kukataliwa kwa konea mara nyingi hutulizwa kwa dawa likiwahiwa. Likichelewa, seli za ndani zinakufa, na hizo hazizaliki upya.

Ukungu wa asubuhi unaofutika kadiri siku inavyosonga ni ishara nyingine. Seli za ndani kazi yake ni kutoa maji kwenye konea. Zikipungua, maji hujikusanya usiku macho yakiwa yamefumbwa, na hukauka mchana. Andika saa ambayo ukungu unaisha. Wiki hii saa 2 asubuhi, mwezi ujao saa 5: namba hizo zitamsaidia daktari kuliko maneno "naona vibaya".

Hatua ya 6: Wiki za kwanza baada ya upasuaji mpya

Kosa kubwa la kipindi hiki: mgonjwa anatoka na mfuko wa dawa mpya, anazifuata kwa bidii, na za jicho la zamani zinabaki kabatini. Kabla hujatoka wodini, mwombe muuguzi akuandikie ratiba moja yenye macho yote mawili. Linda lile la zamani kwa makini zaidi kuliko kawaida, kwani kinga ya mwili iliyoamshwa na konea mpya inaweza kuligeukia.

Lala na kifuniko cha plastiki kwa wiki utakazoambiwa. Lalia mgongo, au upande usio na jicho lililopasuliwa. Ukiwekewa povu la hewa au gesi, utatakiwa kulala chali ukitazama dari kwa saa nyingi za siku za mwanzo, na usipande ndege hadi daktari athibitishe povu limeisha: likitanuka angani, presha ndani ya jicho hupanda ghafla.

Maji ya bomba, ya kisima na ya bahari yasiingie jichoni. Kichwa kioshwe na mtu mwingine, ukiwa umeinamisha kwa nyuma. Kwa wudhuu na kusujudu katika siku hizo, muulize daktari kuhusu jicho na sheikh kuhusu ruhusa ya kuswali umekaa. Moshi wa kuni na mafuta yanayoruka kikaangoni waachie wengine. Bodaboda usipande bila miwani, hata safari ya kona mbili.

Ngumi, kiwiko cha mtoto, mpira, tawi la mti: jicho lililoshonwa unene wote halirudii uimara wake wa awali maisha yote. Michezo ya kugongana iage.

Hatua ya 7: Nyuzi na miwani

Usitarajie kusoma gazeti wiki ya pili. Kwa unene wote, kuona hutulia baada ya miezi mingi, na nyuzi kwa kawaida huanza kutolewa kuelekea mwaka mmoja na kuendelea, nyingine mapema ili kunyoosha umbo la konea. Hutolewa kwenye kiti cha kliniki kwa matone ya ganzi. Wiki inayofuata ni ya kuangaliwa, kwa kuwa kidonda kinaweza kuachia au kukataliwa kuanza.

Miwani ya bei kubwa isubiri. Namba itabadilika kila uzi unapotoka.

Mambo yakienda mrama

*Unahisi kama kuna mchanga jichoni.* Katika jicho lenye nyuzi, dhani uzi umelegea au umekatika. Uzi huo huvuta vijidudu na huamsha kukataliwa. Usiushike wala usiukate. Nenda siku hiyo.

*Jicho jekundu, na nyumbani kuna steroidi.* Usijiongezee dozi kabla ya kuonwa. Maambukizi na kukataliwa hufanana kwa mgonjwa, ila steroidi peke yake kwenye maambukizi huyapa nafasi ya kuitoboa konea. Endelea na dozi ya kawaida njiani.

*Dawa ya kienyeji, maji ya majani, maziwa ya mama.* Hapana, kwa jicho lolote kati ya mawili.

*Umesahau tone.* Tia unapokumbuka, kisha rudi kwenye ratiba. Usitie mawili kufidia.

*Duka halina dawa yako.* Muuzaji atakupa "inayofanana". Steroidi za macho zina nguvu tofauti, na nyingine zimechanganywa na antibiotiki. Piga picha ya chupa anayokupa, itume kliniki, usubiri jibu.

*Upinde wa mvua kuzunguka taa, kichwa kinauma, kichefuchefu.* Presha ya jicho huenda imepanda. Ni dharura.

*Vivuli viwili vya kila herufi, jicho si jekundu, halina maumivu.* Mara nyingi ni konea isiyo ya duara sawasawa. Kuondoa baadhi ya nyuzi au lenzi ngumu ya mguso hurekebisha. Weka miadi, si mbio.

*Umeitwa kuchanjwa.* Usikatae chanjo. Mwambie daktari wa macho kabla, kwani kukataliwa baada ya chanjo kumewahi kuripotiwa na anaweza kukuongezea matone kwa muda.

*Jicho limepigwa, na maji ya uvuguvugu yametoka ndani yake au kuona kumepotea ghafla.* Usilioshe, usilibonyeze, usitie dawa. Funika kwa kifuniko kigumu kisichogusa jicho. Kama huna, kata kitako cha kikombe cha karatasi. Usile wala kunywa, maana huenda ukaingia upasuaji. Kaa ukiwa umeinua kichwa hadi ufike, na umtangulize mtu apige simu ili daktari wa upasuaji awepo.